Dozi Mbili Zisizojuana: Uchambuzi wa Kisa cha Haloperidoli Iliyotolewa Nyumbani kwa Siri

Mwandishi wa kisa hiki ni mfamasia wa hospitali ya wilaya katika mwambao wa Tanzania, na sehemu ya makosa yanayosimuliwa humu ni yake. Mgonjwa na mama yake wameridhia kisa kiandikwe. Jina la mji, tarehe na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa, isipokuwa kazi ya mgonjwa, ambayo yeye mwenyewe aliruhusu itajwe kwa kuwa bila hiyo sehemu kubwa ya kisa haieleweki. Vipimo vya dawa vinavyotajwa vilikuwa vya mtu huyu mmoja kwa hali aliyokuwa nayo, na havifai kuigwa na msomaji yeyote bila ya daktari wake.

Usuli

Mgonjwa ni kijana wa miaka 20 na ushei, fundi cherehani, anayeishi na mama yake mjane na dada yake mdogo. Kwa muda wa miezi minne hivi kabla ya kuletwa hospitalini alikuwa halali usiku, akisikia sauti za watu wawili wakimjadili, na akiamini kwamba wateja wanaoleta nguo za kupunguzwa humwachia vitu ndani ya pindo ili kumchunguza. Familia ilianza kwa kisomo na kombe, na sioni la kulaumu hapo, kwa sababu mwalimu aliyemsomea ndiye aliyewaambia, wiki ya tatu, kwamba jambo hili lina upande wa hospitali pia.

Alilazwa siku 12 kwa saikosisi ya mara ya kwanza, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwapo, akaanzishiwa dawa ya ugonjwa huo, haloperidoli, 5 mg asubuhi na 5 mg usiku. Siku ya tatu wodini, wakati mama yake amekwenda kumletea chakula, shingo yake ilipinda upande wa kushoto, macho yakapanda juu yasishuke, na taya likakaza hata akashindwa kumeza mate. Mama alirudi akamkuta katika hali hiyo. Muuguzi wa zamu alimchoma sindano ya prometazini 50 mg, na baada ya nusu saa hivi shingo ililegea. Daktari akaongeza kidonge cha benzheksoli 5 mg kila asubuhi ili hali ile isijirudie. Matibabu yalikuwa sahihi na ya haraka. Maelezo aliyopewa mama yalikuwa sentensi moja: kwamba hayo ni maudhi madogo madogo ya dawa na atazoea.

Alipotoka wodini sauti zilikuwa zimepungua sana. Alipewa dawa za siku 30, yaani vidonge 60 vya haloperidoli na 30 vya benzheksoli.

Mlolongo wa matukio

Nyumbani alimeza dawa kwa siku 10. Benzheksoli ndiyo aliyoiacha kwanza, siku ya tano, kwa sababu alipoimeza asubuhi alishindwa kutunga uzi kwenye sindano: tundu lilikuwa likionekana kama ukungu. Siku chache baadaye alianza kuhisi shingo ikivuta, akaogopa kwamba lile la wodini linarudi, akaacha na haloperidoli pia. Aliapa mbele ya mama yake kwamba hatazigusa tena dawa zile. Kisha, kwa muda wa wiki tano hivi, alikuwa mzima kabisa machoni pa watu, akafungua kibanda chake, akapokea kazi za sikukuu. Kila mtu nyumbani alihitimisha kwamba ugonjwa ulikwisha na dawa ndiyo iliyokuwa ikimtesa.

Wiki ya saba tangu atoke hospitalini, usiku mmoja, alifumua mishono ya nguo za harusi za wateja wanne akitafuta kilichofichwa ndani. Mama hakumrudisha hospitalini. Alieleza baadaye kwamba alikuwa bado anaiona ile shingo iliyopinda, na kwamba aliona heri ampe dawa yeye mwenyewe, taratibu, nyumbani, kuliko kumkabidhi tena kwa watu wa wodi. Vidonge 40 vya haloperidoli vilikuwa vimebaki. Akaanza kusaga kimoja asubuhi na kukitia kwenye uji, na kingine jioni kwenye chai ya maziwa. Benzheksoli hakuitia, kwa kuwa alikumbuka kuambiwa kwamba ni dawa ya kusaidia tu.

Kijana alipata nafuu. Sauti zilipofifia, aliona aibu kubwa kwa zile nguo za harusi, na mjomba wake alimwambia kwa simu, bila kujua lolote kuhusu uji, kwamba mwanamume hutibu jambo lake mwenyewe. Wiki ya 10 alichukua cheti chake cha zamani, akanunua haloperidoli kwenye duka la dawa, karatasi moja ya vidonge baada ya nyingine, akawa anameza kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku kibandani kwake. Hakumwambia mama yake, kwa sababu ya kile kiapo. Wiki hiyo hiyo mama alikuja kliniki na daftari la mwanawe, akasema kijana anaendelea vizuri na ana kazi nyingi, akapewa vidonge 60 vingine. Tuliandika "anaendelea vizuri" juu ya mtu ambaye hatukumwona.

Wiki ya 12 kijana alikuja mwenyewe, na kwa kuwa daftari lilikuwa kwa mama, alifunguliwa jipya. Alilalamika mambo mawili: kwamba mikono imekuwa mizito na inatetemeka, na kwamba mama yake anamwekea kitu kwenye uji, kwa maana anaona chembe chini ya kikombe. Tabibu aliandika kuwa mgonjwa bado ana imani potofu ya kuwekewa sumu na kwamba kipimo hakitoshi. Haloperidoli ikapandishwa hadi 5 mg asubuhi na 10 mg usiku. Dawa ya siku 14, vidonge 42, niliitoa mimi dirishani, na bahasha niliiandika kwa mkono wangu.

Siku ya nane baada ya hapo dada yake alimleta kwa bajaji. Alikuwa amekakamaa mikono na shingo, uso hauoneshi hisia, mate yanamtoka, mikono inatetemeka, na vidole vya mkono wa kushoto vimejaa alama za kuchomwa na sindano ya kushonea. Joto lilikuwa nyuzi 38.7, mapigo ya moyo 112 kwa dakika. Alijibu maswali polepole sana, lakini alijua yupo wapi na ni siku gani.

Maamuzi na sababu zake

Homa kwa mtu aliyekakamaa na anayetumia dawa ya kundi hili haichukuliwi kuwa homa ya kawaida mpaka ithibitike hivyo. Kuna hali ya nadra lakini inayoua, ambamo misuli hukaza kama ubao, joto hupanda, fahamu huchafuka, shinikizo la damu na mapigo huyumba, na figo huweza kufeli kwa sababu ya misuli inayovunjika. Uamuzi wa kwanza, uliofanywa kabla ya kipimo chochote, ulikuwa kusimamisha haloperidoli kabisa. Alipewa maji ya mshipa, akapoozwa mwili, akapimwa shinikizo la damu na joto kila saa, na mkojo wake ukatazamwa rangi. Kipimo cha haraka cha malaria kilionesha malaria. Shinikizo la damu lilikuwa tulivu, fahamu timamu, na mkojo safi, kwa hiyo tuliona yamkini homa ni ya malaria na ukakamavu ni wa dawa. Hata hivyo tuliendelea kumwangalia kama mtu mwenye ile hali ya hatari kwa siku mbili nzima.

Hapo palikuwa na mtego wa pili, ambao ni rahisi kuupita. Dawa mseto ya ALu, ambayo ndiyo tiba ya kawaida ya malaria isiyo kali, na haloperidoli zote huweza kurefusha muda ambao moyo hujitayarisha kwa pigo linalofuata, na zikikutana kwa kiwango kikubwa huweza kuvuruga mapigo kwa namna inayohatarisha uhai. Kipimo cha umeme wa moyo kilipatikana siku hiyo, jambo ambalo kwetu si la kila siku, nacho kilionesha kwamba muda huo uko ndani ya kawaida. Alianzishiwa ALu huku haloperidoli ikiwa imesimama. Benzheksoli hatukumpa mpaka homa iliposhuka, kwa sababu dawa hiyo hupunguza jasho na mtu mwenye homa analihitaji jasho lake. Baadaye alipewa nusu kidonge kwa wiki mbili tu.

Swali lililobaki lilikuwa la hesabu. Kwa 15 mg kwa siku, kijana anaweza kukakamaa, lakini kiasi hiki kilizidi tulichokitarajia. Nilimwomba mama alete dawa zote zilizoko nyumbani. Alileta mfuko wenye haloperidoli 12 na benzheksoli nyingi zisizoguswa. Alikuwa amepewa 60 siku 24 zilizopita, kwa hiyo 12 ndiyo idadi sahihi ya mtu anayetumia viwili kwa siku bila kukosa hata kimoja. Nilifurahi kwa muda wa dakika tano. Kisha muuguzi aliyekuwa akikunja suruali ya mgonjwa akanipa bahasha iliyokuwa mfukoni: vidonge 18, mwandiko wangu, "1 asubuhi, 2 usiku". Vilitolewa 42, siku nane zimepita, vitatu kwa siku ni 24, na 18 ndiyo baki halisi.

Mama alikuwa mwaminifu kwa dozi yake, na mwana kwa yake. Jumla ilikuwa vidonge vitano, 25 mg kwa siku. Mwongozo wa mhGAP, yaani mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa tiba ya afya ya akili, unaanza na 1.5 hadi 3 mg na unaweka kikomo kuwa 20 mg.

Uamuzi uliojadiliwa kwa muda mrefu zaidi haukuhusu dawa. Je, kijana aambiwe kuhusu uji, na nani? Mwenzetu mmoja alishauri tunyamaze, kwa kuwa mgonjwa mwenye hofu ya kuwekewa sumu akijua kwamba kweli aliwekewa kitu hatakula tena nyumbani. Wengine tuliona kwamba hatuwezi kumwomba mtu aamini dawa huku tukimficha kwamba alichokiona kwa macho yake kilikuwa kweli. Tulikubaliana kwamba siri ni ya mama na haki ya kuifungua ni yake kwanza. Tulimpa usiku mmoja. Kesho yake alimwambia mwanawe mwenyewe, muuguzi wa afya ya akili akiwa amekaa nao, na kijana naye akamweleza mama kuhusu karatasi alizokuwa akinunua.

Kuhusu tiba ya baadaye, sindano ya flufenazini ya kila mwezi ilipendekezwa kwa sababu ingemaliza ubishi wa nani kameza nini. Tuliikataa kwa wakati ule. Sindano ikishaingia mwilini haitolewi, na huyu alikuwa mtu aliyetoka kukakamaa kwa dawa ya aina hiyohiyo. Zaidi ya hayo, alikuwa ameshafanyiwa mambo mengi bila kuulizwa. Siku ya saba, baada ya kumaliza ALu na kurudia kipimo cha moyo, alianza risperidoni, dawa nyingine ya saikosisi, 1 mg usiku, ikapanda hadi 2 mg baada ya wiki, kisha 3 mg. Alichagua mwenyewe saa ya kumeza: baada ya chakula cha usiku, dozi moja tu. Chaguo hilo lilitusaidia kuliko tulivyofikiri, maana Ramadhani ilipoingia hapakuwa na haja ya kubadili chochote, kidonge kilisogea tu kikawa baada ya futari.

Matokeo

Homa ilikwisha siku ya pili. Ukakamavu ulichukua muda zaidi: wiki moja ndipo alipoanza kupunga mikono akitembea, na wiki ya tatu ndipo alipotunga uzi mara ya kwanza bila kusaidiwa. Kwa siku tatu baada ya mama kumwambia kuhusu uji alikula chapati za mgahawani na hakugusa chungu cha nyumbani. Siku ya nne alirudi mezani, kwa sharti kwamba uji wake ajitilie mwenyewe. Mama alilikubali sharti hilo huku akilia.

Nafuu haikuwa kamili wala ya bure. Sauti hurudi kwa mbali akikosa usingizi. Aliongezeka kilo 5 katika miezi minne. Mwezi wa tatu alimweleza muuguzi wa kiume, kwa faragha na kwa kuzunguka sana, kwamba nguvu za kiume zimepungua. Hilo ni tatizo linalojulikana la risperidoni, ambayo hupandisha homoni ya prolaktini, na dozi ilirudishwa hadi 2 mg bila dalili kurejea. Kwa hofu tuliyokuwa nayo ya dawa kuachwa tena, ninaamini kwamba kama asingeulizwa jambo hilo waziwazi, angeiacha kimyakimya. Mara mbili risperidoni ilikosekana kwenye stoo yetu na familia ikalazimika kuinunua famasi ya mjini.

Uchambuzi

Nikitafuta mahali ambapo kisa hiki kilianza kuharibika, sirudi kwenye uji. Narudi kwenye maneno "maudhi madogo madogo". Shingo kupinda na macho kupanda juu katika siku za mwanzo ni athari inayofahamika ya haloperidoli, hasa kwa vijana wa kiume, na chanzo chake kinaelezeka hata kwa mtu asiyesoma: dawa inazuia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, ambayo ikizidi upande mmoja huleta sauti na hofu, lakini upande mwingine ndiyo inayolainisha mwendo wa misuli. Maelezo hayo huchukua dakika mbili. Mama huyu alimwona mwanawe katika hali ambayo mwambao mzima ungeiita shetani kupanda kichwani, akaambiwa kwamba ni jambo dogo. Tangu siku hiyo hakuwa na sababu ya kutuamini juu ya jambo kubwa. Dozi yetu ya kuanzia nayo, 10 mg kwa siku kwa mtu ambaye hajawahi kuonja dawa ya aina hii, ilikuwa juu ya kiwango cha kuanzia, na huenda shingo isingepinda kabisa kama tungeanza chini.

Kuachwa kwa benzheksoli kunastahili kutazamwa peke yake. Ukungu wa macho kwa vitu vya karibu ni athari ya kawaida ya dawa hiyo. Kwa mkulima labda ni kero ya siku chache, na kwa fundi cherehani ni kukosa riziki. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Kama angeulizwa, tungeweza kupunguza haloperidoli badala ya kumwongezea dawa ya pili ya kuzuia madhara ya ile ya kwanza.

Nafuu ya wiki tano baada ya kuacha dawa ni jambo ambalo tunapaswa kulitabiri kwa wagonjwa kabla halijatokea. Ugonjwa haurudi kesho yake. Hurudi baada ya wiki au miezi, wakati ambapo hakuna tena anayeuhusisha na vidonge vilivyoachwa, na ndiyo maana mwongozo niliokwisha kuutaja unashauri tiba iendelee angalau miezi 12 baada ya dalili kwisha. Mtu asiyeambiwa hili mapema hujifunza kinyume chake kwa macho yake mwenyewe.

Kuhusu kutia dawa kwenye chakula, sitaki kumhukumu mama. Aliona mwanawe anaangamia, na kwa wiki tatu njia yake ilifanya kazi. Lakini haloperidoli haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo hata kama asingekuwapo mtu wa pili anayemeza, kiasi kilichofika tumboni kilitegemea kama kikombe kilikorogwa na kama mnywaji aliacha machicha chini. Tena siri yenyewe iliondoa kinga muhimu kuliko zote, yaani mgonjwa anayejua anachotumia na anayeweza kusema "leo nimezidisha" au "shingo inavuta".

Kosa linaloniumiza zaidi ni la wiki ya 12. Mgonjwa alisema kuna chembe kwenye kikombe. Ilikuwa kweli. Tuliandika kuwa ni dalili ya ugonjwa, tukapandisha dozi ya kile hasa alichokuwa akikilalamikia. Imani potofu za wagonjwa wa saikosisi zipo, na huyu alikuwa nazo, lakini swali moja kwa mama, "kuna kitu unachomtilia kwenye chakula?", lingegharimu nini? Malalamiko yake ya mikono mizito nayo yalikuwa jibu tosha kwamba dozi imeshazidi, kwani kupandisha kupita kiwango fulani huongeza ukakamavu bila kuongeza nafuu. Na mimi nilitoa vidonge 42 kwa mtu ambaye jina lake nilikuwa nimelitolea vidonge 60 siku 16 kabla. Daftari lilikuwa jipya, jina lilikuwa lilelile. Sasa dirisha letu lina rejista moja ya dawa za afya ya akili inayofuata jina na si daftari, na anayekuja na daftari jipya hurudishwa kwanza kwenye rejista hiyo.

Kilichofanikiwa ni kidogo lakini kinafaa kurudiwa: kusimamisha dawa kabla ya kujua kila kitu, kuhesabu vidonge badala ya kuuliza tu kama vinamezwa, na kumwachia mama afungue siri yake. Kuhesabu kumebaki kuwa sehemu ya kila hudhurio, si kwa kumpeleleza, na tumemwambia hivyo.

Katika hudhurio la mwezi wa sita alikuwa amepewa vidonge 30, akarudi siku ya 28 akiwa na vitatu badala ya viwili. Kabla sijauliza alisema kimoja ni cha usiku alioshona hadi alfajiri kwa ajili ya harusi, akasahau, na akataka kujua kama kesho yake angemeza viwili. Nilimwambia hapana, dozi iliyopita hairudishwi, anaendelea na kimoja usiku unaofuata kama kawaida. Akasema ndivyo alivyofanya, ila alitaka kuhakikisha.